Mpangaji wa fremu kachelewa, kisha kalipa kodi kwa mafungu. Riba naidaije?

Mwenye fremu, Sinza
Wakuu, habari zenu. Fremu ipo Sinza, kodi ni Sh 600,000 kwa mwezi, inalipwa miezi 6 kwa mkupuo, yaani Sh 3,600,000 tarehe 1 Machi. Siku hiyo mpangaji hakulipa kitu. Alileta 1,000,000 tarehe 31 Machi, 1,000,000 tena tarehe 30 Aprili, na 1,600,000 tarehe 30 Juni. Mkataba una mstari mmoja tu: "Mpangaji akichelewesha kodi atalipa riba ya asilimia 5 kwa mwezi." Risiti mbili za kwanza zinasema "sehemu ya kodi", ya mwisho inasema "amemaliza kodi". Nimempelekea dai la 720,000. Yeye anasema kwa kuwa mafungu yalipokelewa, riba imekufa. Nani yuko sahihi? Na je, fremu naweza kuipiga kufuli hadi alipe?

Msoma Mikataba
Kufuli usiliguse, mkuu. Ukimfungia nje au ukamkatia umeme bila amri, wewe ndiye utakayeshtakiwa, na bidhaa zikiharibika humo ndani fidia yake itaimeza riba yote unayoidai.

Tuje kwenye riba. Kupokea mafungu peke yake hakuiui. Deni likilipwa kidogo kidogo linapungua, ila kuchelewa kumeshatokea na mkataba ulishasema kuchelewa kuna gharama. Kinachokuletea shida ni hiyo risiti ya tatu. "Amemaliza kodi" bado inateteeka, kwa sababu kodi ni kitu kimoja na riba ni kingine. Ungeandika "hatudaiani", ingesomeka kama msamaha, na sheria yetu inamruhusu mdai kusamehe deni lote au sehemu yake. Kwa hiyo simama kwenye neno "kodi" lililomo kwenye risiti, na usichelewe: mwandikie barua ya madai sasa, ukitaja kifungu cha mkataba, tarehe za malipo na hesabu. Ukikaa kimya mwaka mzima huku ukiendelea kupokea kodi ya vipindi vinavyofuata, hoja yake kwamba ulisamehe inazidi kupata nguvu, ingawa muda wa kisheria wa kudai malimbikizo ya kodi ni miaka 6.

Hesabu za Pango
Hiyo 720,000 imekosewa hata kwa mkataba wako mwenyewe. Umechukua asilimia 5 ya 3,600,000 ukazidisha kwa miezi 4, kana kwamba hakulipa chochote hadi Juni. Riba inafuata salio:

Machi, salio 3,600,000: riba 180,000.
Aprili, salio 2,600,000: riba 130,000.
Mei na Juni, salio 1,600,000: riba 80,000 mara mbili, 160,000.

Jumla 470,000. Umemzidishia 250,000, na barua yenye kosa la namna hiyo ndiyo wakili wake ataanza nayo.

Kisha kuna kiwango chenyewe. Asilimia 5 kwa mwezi ni asilimia 60 kwa mwaka. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa kwa kuuvunja, au una sharti lolote la adhabu, anayedai anapata fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Yaani 470,000 ni dari, si haki ya moja kwa moja. Kwa asilimia 12 kwa mwaka, mafungu hayo hayo yangezaa 36,000 + 26,000 + 32,000 = 94,000. Kati ya 94,000 na 470,000 ndipo pa kuelewana, na mimi ningekubali chochote kinachokaribia katikati kuliko kufungua shauri.

Jambo moja zaidi, angalia kodi ya zuio. Mpangaji wa biashara anayetakiwa kuikata hubakiza asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa jina lako. Wenye nyumba wengi huihesabu hiyo 10 kama deni na kuitoza riba. Akikuletea cheti cha zuio, kiasi hicho kimeshalipwa.

Mama Tabata
Na kama mkataba usingetaja riba kabisa? Wapangaji wa nyumba za kuishi wengi wana karatasi moja tu kutoka kwa dalali.

Msoma Mikataba
Mama, hapo riba ya kabla ya hukumu ni ngumu kuipata. Lazima kuwe na makubaliano, desturi ya biashara inayothibitika, au sheria inayoitoa. Kinachobaki ni kuomba fidia ya kawaida chini ya kifungu cha 73 na kuthibitisha hasara iliyotokana na kuchelewa huko. Baada ya hukumu ni habari nyingine: Sheria ya Mwenendo wa Madai, Amri ya XX kanuni ya 21, inatoa asilimia 7 kwa mwaka juu ya deni la hukumu hadi lilipwe, au kiwango kingine kisichozidi 12 ikiwa wahusika wamekubaliana waziwazi kwa maandishi.

Hayo mafungu pia yana kanuni yake. Mlipaji akitaja analipia nini, mathalani kwenye maelezo ya malipo ya benki au ujumbe wa simu ameandika "kodi ya Machi", na ukapokea, unayahesabu hivyo hivyo. Asipotaja, mpokeaji ndiye anayechagua deni la kupunguza. Wote wawili wakinyamaza, linaanza deni la zamani.

Mwenye fremu, Sinza
Nimeelewa, 720,000 naifuta. Akikataa hata 470,000 naanzia wapi? Na mkataba mpya niandikeje?

Hesabu za Pango
Anza Baraza la Kata. Tangu 2021 haliamui tena, linasuluhisha tu, lakini Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri hadi Kata ithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au zipite siku 30 bila usuluhishi. Kama mpangaji ameshahama na unadai fedha tu, muulize wakili kwanza kama pa kwenda ni baraza au mahakama ya kawaida, maana shauri likifunguliwa pasipo na mamlaka linaondolewa na gharama umeshaingia. Hakikisha mkataba umelipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi hadi ulipe ushuru pamoja na adhabu.

Kifungu kipya kiandike hivi: "Kodi isiyolipwa ndani ya siku 14 tangu tarehe yake itatozwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, isiyozaa riba, juu ya salio na kwa idadi ya siku zilizochelewa. Kupokea malipo kwa awamu hakuondoi haki ya kudai riba." Na kila risiti: "Nimepokea Sh 1,000,000, sehemu ya kodi ya Machi hadi Agosti. Salio la kodi Sh 2,600,000. Riba inaendelea kwa mujibu wa mkataba." Mpangaji asaini nakala yako.

Mama Tabata
Kwa wasiotaka riba kwa sababu ya imani, na mjini hapa ni wengi, chukueni amana ya miezi 2 tangu mwanzo, wekeni mdhamini anayesaini mkataba, na kodi ilipwe kila miezi 3 badala ya 6. Deni linakuwa dogo kabla halijawashinda wote wawili.