Naombeni ushauri: Alhamisi hadi Jumapili Lushoto na waifu, tunataka kutembea milimani

Mzaramo_Mvivu
Wakuu habari za humu. Nina likizo fupi kipindi cha Muungano, nataka nimtoe waifu Dar twende Lushoto, kule milima ya Usambara, maana kila mwaka ni Bagamoyo na Zanzibar mpaka mchanga umetuchosha. Plani yangu: Alhamisi safari, Ijumaa jabali la Irente na msitu wa Magamba, Jumamosi tutoke Lushoto kwa miguu mpaka kijiji cha Mtae, Jumapili turudi. Mimi nacheza mpira wa maveterani najiweza, yeye akipanda hana shida ila akishuka goti linamsumbua. Usafiri ni ka IST ketu, kagari kadogo. Je tuchukue muongozaji au ramani ya simu inatosha?

shemeji_wa_Soni
😂😂 Lushoto mpaka Mtae kwa miguu siku moja? Mkuu hizo ni kilomita 60 na zaidi kwa barabara, na siyo tambarare, ni panda shuka panda shuka. Watu wanaigawa siku tatu au nne, wanalala maeneo ya Lukozi, wanalala Rangwi kwa masista, ndo wanatokea Mtae. Na waifu mwenye goti je? Utambeba?

Kijani_Kibichi
Kabla ya Mtae tuongelee tarehe. Muungano ni 26 Aprili, hapo masika imekolea. Ile barabara ya Mombo kupanda Lushoto ni kama kilomita 33 tu na ina lami, ila imechongwa ubavuni mwa mlima, upande huu jabali upande ule korongo na mto chini, mvua zikikolea mawe na udongo vinashuka barabarani. Afu njia za miguu kule ni udongo mwekundu, ukilowa unateleza kama sabuni. Na hata mkifika salama mtasimama Irente mnaangalia ukungu mweupe, kilomita zote hizo kuja kuangalia ukungu! Sogeza mpaka Septemba, au Januari Februari. Julai pia kukavu ila jiandaeni na baridi, mtu wa Dar usiku utalala na soksi na koti.

Mzaramo_Mvivu
Duh, hilo la masika sikulifikiria kabisa. Septemba naweza kuomba ruhusa. Sasa kama Mtae kwa miguu imekufa, nibaki Lushoto mjini siku zote?

mama_Zuhura
Baki Lushoto mdogo wangu, sioni sababu ya kukimbizana. Irente ni kilomita 5 hadi 6 kutoka mjini, mnatembea taratibu mnapita kwenye mashamba, njiani kuna shamba la Irente wanauza jibini na mkate na jamu za kwao, mnakaa bustanini mnakula, ndo mnaendelea mpaka kwenye jabali lenyewe. Pale ardhi inakatika ghafla, chini yako karibu mita 1,000 unaona Mazinde na barabara kuu ya Arusha na mashamba ya mkonge, malori yanaonekana kama sisimizi. Ila mkikutana na vijana wa kuwaambia muteremke kwa miguu mpaka Mazinde, KATAA. Ule mteremko ni mkali mwanzo mwisho, goti la mkeo halitafika salama.

shemeji_wa_Soni
Mama Z nakuheshimu ila Irente kila mtu anaenda, wikiendi pale ni selfi tu. Mimi ningesema Mtae lazima, ila waende kwa gari. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, huku bonde na huku bonde, unaona nyika ya Mkomazi yote na milima ya Upare, na mbingu ikiwa safi hadi Kilimanjaro. Mnalala huko au kijiji cha Mambo pale jirani, asubuhi mnatembea kijiji kwa kijiji bila kushuka sana.

Kijani_Kibichi
Na IST? Uliza kwanza hali ya barabara siku hizo, mimi ningeiacha Lushoto nipande basi. Ni masaa matatu manne ya kukaa kwenye basi lakini dereva anaijua njia. Kurudi ujue mabasi ya Mtae yanaondoka alfajiri, ukichelewa kuamka umeliwa.

Mzaramo_Mvivu
Kwa hiyo Ijumaa Magamba na Irente, Jumamosi Mtae kulala, Jumapili Mtae Lushoto Dar?

mama_Zuhura
Hapana jamani, Jumapili hiyo utaendesha umechoka, ule mteremko wa kushuka Mombo unataka mtu macho makavu na gia ndogo, siyo kukanyaga breki njia nzima. Na Magamba na Irente zisiwekwe siku moja, Magamba yenyewe ni msitu wa kutembea nusu siku na zaidi, kuna miti mikubwa ya mkulo, mbega, na vinyonga kama mna bahati ya macho. Kuna baridi na giza hata mchana, bebeni koti la mvua hata Septemba. Magamba Ijumaa, Irente Jumamosi, Mtae iachie likizo ndefu.

shemeji_wa_Soni
Haya nimesalimu amri, ila kama ni hivyo mkishuka Jumapili simameni Soni muone maporomoko, ni pale pale njiani.

Mzaramo_Mvivu
Waifu kasoma uzi wote kasema yuko upande wa mama Zuhura, kesi imefungwa 😅 Swali la muongozaji hamjanijibu.

Kijani_Kibichi
Irente jiendeeni wenyewe, ulizeni njia na msalimie watu, vinjia vingi vinakatiza mashambani kwa wenyewe. Magamba chukua muongozaji wa hapo hapo Lushoto, ndani ya msitu simu haikusaidii, na kukubaliana bei ni kabla ya kuanza kutembea. Hifadhi ile iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kiingilio unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, hivyo mwambie muongozaji ashughulikie Alhamisi hiyo hiyo mkifika, msije mkakaa getini Ijumaa mnasubiri mtandao.

Mzaramo_Mvivu
Poa sana. Na raba za kawaida zinafaa au ninunue buti?

mama_Zuhura
Raba yenye meno inatosha. Na mkeo atafutiwe fimbo, Lushoto hazikosekani.