Mjadala: Hospitali za umma ziache omeprazoli, zinunue vonoprazani?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Hoja iliyo mezani ni vonoprazani, dawa ya kiungulia iliyoidhinishwa Japani mwaka 2014 na Marekani Novemba 2023. Je, ishike nafasi ya omeprazoli, dawa ya siku nyingi ya kupunguza asidi ya tumbo, kwenye manunuzi ya hospitali zetu za umma? Wanaosema ndiyo wanaegemea utafiti wa PHALCON-EE wa Marekani na Ulaya. Wagonjwa 1,024 wenye michubuko kwenye umio waligawanywa kwa kura: kundi moja vonoprazani miligramu 20, jingine lansoprazoli (ndugu wa omeprazoli) miligramu 30, mara moja kwa siku. Kufikia wiki ya nane, waliopona michubuko walikuwa asilimia 92.9 kwa vonoprazani na 84.6 kwa lansoprazoli.

Mimi nasema hapana. Utafiti huohuo ulihesabu pia siku ambazo mgonjwa alimaliza saa 24 bila kiungulia: vonoprazani asilimia 66.8 ya siku, lansoprazoli 64.1. Mgonjwa haoni michubuko yake. Kinachomleta hospitali ni moto kifuani, na kwa huo moto dawa hizi karibu zinalingana. Tena mfadhili ni Phathom, kampuni yenye kuiuza dawa yenyewe Marekani. Na waliokutwa na Helicobacter pylori hawakuingizwa kwenye utafiti, ilhali huku kwetu bakteria huyo yuko matumboni mwa watu wengi sana.

Daktari wa Umio

Mkuu, umechukua namba inayokufaa ukaiacha iliyo nzito. Michubuko hupangwa kwa mizani ya Los Angeles, A hadi D. A ni mchubuko usiozidi milimita 5. D umekula robo tatu ya mzingo wa umio au zaidi. Kwa wagonjwa wa C na D, kufikia wiki ya pili tu, waliopona kwa vonoprazani walikuwa asilimia 70.2, kwa lansoprazoli 52.6. Maana yake ukiwatibu sita kwa dawa mpya, unapata mmoja wa ziada aliyepona ndani ya wiki mbili. Hawa ndio wanaokuja kuvuja damu, au umio unawaziba mpaka ugali haupiti.

Ufadhili ni sababu ya kuusoma utafiti kwa makini. Si sababu ya kuutupa.

Mfamasia wa Pwani

Naomba niwarudishe kwenye kidonge chenyewe, maana hapo ndipo mjadala unapopotea.

Omeprazoli inaharibiwa na asidi ileile inayotumwa kuizuia. Ndiyo maana ndani ya kapsuli kuna chembechembe zilizopakwa ngozi ya kuzilinda mpaka zifike kwenye utumbo. Mtu akizisaga au kuzitafuna, dawa imekufa kabla ya kuanza kazi. Asiyeweza kumeza kapsuli aifungue, amwagie chembechembe kwenye kijiko cha juisi au mtindi, ameze bila kutafuna. Unyevu na joto pia huiua: kapsuli zikitolewa kwenye pakiti zake zikakaa kwenye bahasha ya karatasi, hasa huku pwani, dawa huharibika taratibu. Fungua moja, chembe zikiwa za kahawia badala ya nyeupe, usiitoe kwa mgonjwa.

Halafu muda. Omeprazoli inakamata pampu za asidi zinazofanya kazi tu, na pampu huamshwa na chakula. Inakaa kwenye damu saa chache. Kwa hiyo inywewe nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kila siku, na nguvu yake kamili inakuja baada ya siku tatu hadi tano. Anayeinywa usiku akienda kulala, au siku ile tu aliyoungua, anapata sehemu ndogo ya dawa aliyolipia. Vonoprazani haihitaji kuamshwa na asidi, haijali chakula, na inafanya kazi tangu siku ya kwanza. Faida yake kubwa kwetu ni hiyo. Inasamehe makosa ya unywaji, na makosa hayo ni mengi.

Ila isamehe yote? Hapana. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu asipewe: rifampisini inaharakisha ini kuivunja. Omeprazoli nayo ina tatizo hilohilo. Na kwa wanaotumia dolutegraviri ya VVU, vya kuogopwa zaidi ni vile vidonge vya kutafuna vya kutuliza asidi, vya magnesiamu na alumini: dolutegraviri inywewe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake, la sivyo haifyonzwi vizuri.

Mtakwimu

Dada Mfamasia, hoja yako ina ushahidi nje ya vonoprazani. Mwaka 2019 huko Marekani ulichapishwa utafiti wa maveterani 366 waliosemwa kuwa kiungulia chao kimeshinda dawa. Walianzishiwa omeprazoli miligramu 20 mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, wakielekezwa namna ya kuinywa. 42 wakapata nafuu palepale. Wengine 99 walipopimwa asidi ya umio na misukumo yake, ikaonekana asidi siyo chanzo. Hawa hata vonoprazani ya bure haingewafaa. Waliofika kwenye kura ya kugawanywa makundi ya matibabu ni 78 tu.

Na tuikumbuke esomeprazoli, mdogo wake omeprazoli. Ilipoingia sokoni, majaribio yalishindanisha miligramu 40 zake na miligramu 20 za omeprazoli. Dozi mara mbili ikashinda, watu wakasema molekuli mpya imeshinda.

Mchangiaji mgeni

Si wanasema omeprazoli ikitumika muda mrefu inaleta magonjwa ya figo na mifupa? Hiyo pekee haitoshi kuiacha?

Mtakwimu

Ndugu, madai mengi ya hivyo yametoka kwenye kumbukumbu za wagonjwa, ambako wanaopewa dawa hizi ni wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Utafiti wa COMPASS uligawa kwa kura watu 17,598 wenye maradhi ya moyo na mishipa, pantoprazoli (ndugu mwingine wa omeprazoli) miligramu 40 dhidi ya plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa, kwa takriban miaka mitatu. Kilichojitokeza wazi ni maambukizi ya tumbo: asilimia 1.4 dhidi ya 1.0. Penye kipindupindu hilo ni la kuangaliwa, lakini vonoprazani nayo inazima asidi, tena zaidi.

Mleta mada

Daktari, kwa C na D nakubali inunuliwe, baada ya endoskopia (kamera inayopitishwa kooni) kuthibitisha daraja. Kwa wengine wote nataka jaribio letu wenyewe: vonoprazani 20 dhidi ya omeprazoli 40, wenye Helicobacter waingizwe na wahesabiwe kando.

Daktari wa Umio

Utawafichaje wagonjwa wasijue wanakunywa dawa ipi? Ukimpa kila mmoja kapsuli mbili, moja ya plasebo, zote kabla ya chai, umewalazimisha wote kunywa kwa usahihi. Faida aliyoitaja Mfamasia inafutika.

Mfamasia wa Pwani

Basi lisifichwe kwa mgonjwa. Kila mtu apewe dawa yake dirishani kwa maelezo yaleyale ya kawaida, anywe kama watu wanywavyo nyumbani, kapsuli zihesabiwe akirudi. Picha za endoskopia zisomwe na daktari asiyejua nani yuko kundi gani, kwa sababu michubuko inaweza kuhukumiwa bila kujua dawa. Shajara ya kiungulia anayojaza mgonjwa mwenyewe ndiyo itakayobaki na upendeleo, kwa hiyo tusiifanye kipimo kikuu.

Mleta mada

Hapo sikubali. Kiungulia ndicho kilichomleta mgonjwa. Tukikishusha daraja tutarudi kulekule kwenye asilimia za michubuko.