Krete bila kelele za ufukweni: twende kijiji gani mwishoni mwa Oktoba?

Nassoro_wa_Mzigo
Wakuu, habari zenu. Tiketi za Heraklion, mji mkuu wa kisiwa cha Krete huko Ugiriki, zimeshakatwa, wiki ya mwisho ya Oktoba. Mama watoto kapata ofa ya hoteli Hersonissos. Nimeangalia picha za mji huo: baa, mabwawa ya kuogelea, baa tena. Mimi ninayoitaka ni Krete ya mashamba, mbuzi na mizeituni, wazee wamekaa kivulini. Tunaye mama mkwe, magoti yanamsumbua na kileo hagusi. Aliyefika huko ndani anisaidie: nianzie wapi, na mabasi yapo?

Mpanda_Vilele
Mkuu, panda uwanda wa Lasithi. Uko mita 840 hivi juu ya bahari, milima imeuzunguka pande zote, na kutoka Hersonissos si mbali. Kuna viazi, matufaha, na vile vinu vya upepo vya matanga meupe, ingawa vilivyobaki ni vichache. Halafu kuna pango la Psychro, ndiko wanakosema alizaliwa Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale. Kutwa moja inatosha.

Binti_Jikoni
Kaka Mpanda, hiyo kutwa moja ndiyo inayoharibu mambo. Mabasi ya watalii hupanda asubuhi kwenda pangoni na kushuka alasiri. Ukifuata ratiba yao utaona migongo ya watu. Na ngazi za pale mama mkwe haziwezi, za kupanda hadi mlangoni na za kushuka ndani. Kama ni Lasithi, basi lala Tzermiado, kijiji cha hukohuko uwandani, uamke uwanda ukiwa wa wenyewe.

Ila Nassoro, ningekuwa wewe ningekwenda Amari. Nimefanya kazi jikoni kwenye hoteli za pwani ya kaskazini misimu kadhaa, na siku za mapumziko mwenzangu alikuwa ananichukua kwao. Ni bonde lililo kusini mwa mji wa Rethymno, upande huu mlima Psiloritis, mita 2,456, upande ule mlima Kedros. Kutoka Hersonissos ni zaidi ya saa mbili kwa gari, kwa hiyo usiende na kurudi. Chukueni chumba kijijini angalau usiku mbili tatu, hoteli ya ofa itawasubiri.

Na wiki uliyochagua ni nzuri kuliko unavyodhani. Pwani watu wanakunja viti na kufunga hoteli, kumbe vijijini ndiyo kwanza kazi imepamba moto. Zabibu zimeshakamuliwa, na yale makapi yaliyochachuka mapipani sasa yanapikwa raki. Mtambo wenyewe wanauita kazani: chungu kikubwa cha shaba juu ya moto wa kuni, mfuniko umezibwa kwa donge la unga ili mvuke usitoroke, bomba linapita kwenye maji baridi, na upande wa pili inatona. Kama gongo tu, isipokuwa hii ina kibali cha serikali na inapikwa mchana kweupe. Pembeni kuna viazi kwenye majivu, nyama ya nguruwe kwenye makaa, komamanga zimepasuliwa mezani. Jirani akipita anaitwa akae. Na nyie mkipita mtaitwa. Novemba mizeituni inaanza, nyavu zinatandazwa chini ya miti, na hapo hakuna tena mwenye muda wa kukaa nanyi.

Sasa mama mkwe. Bilauri ya raki ikiwekwa mbele yake aiache ijae hivyohivyo. Inayojazwa tena ni ile iliyokwisha. Aombe malotira, chai ya majani ya mlimani, au cheri zilizopikwa kwa sukari, huja kwenye kisahani na maji baridi. Cheri ni za Gerakari, kijiji cha bonde hilohilo. Mkipita pale msishangae nyumba kuonekana si za zamani sana: Wajerumani walikichoma Agosti 1944, pamoja na vijiji jirani vya Kedros, na wanaume wakapigwa risasi. Majina yao yako kwenye mnara wa kumbukumbu. Simameni kidogo.

Kijiji cha Amari chenyewe kina kikanisa cha Agia Anna, michoro ya ukutani ni ya 1225. Makanisa haya mara nyingi yamefungwa. Ulizeni ufunguo kwenye kafenio, ule mkahawa wa wazee, kwa adabu, mkishakunywa kahawa na si kabla. Kwa ajili ya magoti, njia ya kurudi piteni Spili: maji ya chemchemi yanatoka vinywani mwa vichwa vya simba vya mawe, miti ya kivuli iko hapohapo, na hakuna mlima wa kupanda.

Mabasi ya abiria ya huko, yanaitwa KTEL, ni mazuri pwani, Heraklion hadi Rethymno hadi Chania. Ya vijijini yamepangwa kwa ajili ya wanafunzi na watu wanaokwenda mjini asubuhi, siyo kwa ajili yako. Kodi gari.

Chaurembo
Dada Binti, samahani, niulize lililo moyoni mwa wengi. Sisi weusi kijijini huko tunapokelewaje? Sitaki kwenda kuwa sinema.

Binti_Jikoni
Utaangaliwa, sikufichi. Wazee wanaangalia kila mgeni, hata Mgiriki wa Athens, hawana haya na jambo hilo. Salimia wewe kwanza, kwa sauti. Baada ya hapo ni maswali: watoka wapi, mtoto wa nani, umeolewa, mbona bado. Mama wa mwenzangu aliniuliza mshahara wangu kabla sijakaa, kisha akanijazia sahani ya konokono wa kukaangwa kwa siki na rozimari. Mimi na konokono! Nilikula mkate wa shayiri na jibini yao ya kondoo, graviera, akacheka mpaka akakaa chini. Lugha za kuudhi nimezisikia zaidi kule kwenye baa za ufukweni, kutoka kwa walevi wa nchi nyingine kabisa.

Nassoro_wa_Mzigo
Dada, umenimaliza. Mama mkwe keshaanza kuuliza hayo majani ya chai yanauzwa wapi. Mambo mawili tu: barabara zikoje, na tukialikwa kwenye hiyo kazani tubebe nini?

Binti_Jikoni
Bebeni boksi la keki kutoka duka la vitamutamu la mjini Rethymno. Pesa usitoe, utawaudhi. Kafenio ni biashara, pale lipa, na uwe na noti ndogo kwa sababu mashine za benki vijijini ni za kutafuta.

Barabara ni lami ila nyembamba, kona juu ya kona, mbuzi wamelala katikati, na vibao vingine vimetobolewa kwa risasi. Ni mchezo wa vijana, hakuna vita. Mwenyeji akikujia kwa nyuma kasi, sogea pembeni apite. Soma bima ya gari vizuri: nyingi hazilipii matairi wala sehemu ya chini, na barabara ya vumbi haimo kabisa. Saa nane hadi kumi na moja mchana watu wamelala, usigonge mlango wa mtu. Na jaza tanki Rethymno kabla hujapanda, hasa ikiwa ni Jumapili.