Naomba ushauri: Empakai hadi Ol Doinyo Lengai kwa miguu

Wakuu, habari za muda huu. Naandika makala za safari, na baada ya masika nataka kutembea kutoka kreta ya Empakai kule Ngorongoro, nipite kijiji cha Nayobi, niteremke Bonde la Ufa hadi Engare Sero, karibu na Ziwa Natron. Mizigo watabeba punda, mimi nabaki na maji na daftari.

Kinachonitatiza ni mlima wenyewe, Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo karibu na hapo. Kwa Wamaasai huo ni Mlima wa Mungu, makao ya Engai, na wapo wanaokwenda kuomba mvua na watoto. Wageni huanza kupanda usiku wa manane kukwepa jua, wanapiga picha alfajiri, wanashuka. Sasa mimi nipande, au niishie chini kwa heshima? Mliokulia huko, wazee wanalionaje? Na nikikuta watu wanaomba, nikae kimya au naweza kuuliza?

La pili ni goti la kulia. Mwaka jana kwenye mteremko mwingine lilianza kulia kama bawaba kavu, nikashuka kwa makalio, mpagazi kanishikia fimbo huku anajikaza asicheke. Lengai ni jivu na kokoto, tena mwinuko mkali. Fimbo mbili zitatosha? Viatu ni vya mtumba, soli nimeshazishonesha kwa fundi.

Halafu maji: kati ya Nayobi na Natron yanapatikana, au tubebe yote kuanzia mwanzo?