Mjadala: Je, maparachichi ya Njombe yazuiwe kupitia Mombasa?

Mzawa wa Temeke
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Kutoka Njombe hadi Bandari ya Dar es Salaam ni takribani kilomita 700 za lami, lakini bado kuna maparachichi ya Nyanda za Juu Kusini yanayovushwa mpaka kwenda kupakiwa Mombasa, na yakishafika huko hakuna anayeuliza yamelimwa wapi. Kila kontena linaloondoka kwa njia hiyo linatunyima kazi, mapato na jina. Naona Serikali itoe amri moja tu: tunda lililovunwa Tanzania lipakiwe melini Tanzania. Watakaopinga ni mawakala waliozoea kamisheni za ng'ambo ya mpaka wa Kenya pale Horohoro.

Wakala, Kurasini
Kaka, nimeshughulikia shehena za baridi kwa miaka kumi na moja, na sijawahi kupokea hata shilingi ya kamisheni kutoka kwa mtu wa Mombasa, kwa hiyo neno hilo lirudishe ulikolitoa. Anayechagua bandari ni mwenye mzigo, naye huchagua kwa kuhesabu siku. Tangu meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, kampuni kubwa zilianza kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, na safari ya Ulaya ikarefuka kwa kiasi cha wiki mbili. Parachichi aina ya Hass likitunzwa kwenye nyuzi 5 au 6 hukaa wiki tatu hadi nne. Likiwekwa kwenye kontena ambalo oksijeni imepunguzwa na hewa ukaa imeongezwa, linapata muda zaidi, lakini gharama nayo hupanda. Je, ukiniamuru nisubiri meli hapa siku nane wakati Mombasa ipo inayoondoka kesho kutwa, hasara utailipa wewe? Tena kontena tupu la baridi haliokotwi ufukweni. Huja na vyakula vilivyogandishwa vya watu wengine, na bandari inayopokea vyakula hivyo kwa wingi ndiyo yenye makontena.

Fundi Baridi
Mnabishania bandari, ilhali mzigo mwingi huharibika kabla haujaiona bahari. Watu huamini kwamba kontena la baridi ni friji kubwa, na imani hiyo imetugharimu sana. Mashine yake imetengenezwa kutunza ubaridi wa kitu ambacho tayari kimepoa: hewa hupulizwa chini kupitia mifereji ya sakafu, hupanda katikati ya katoni, kisha hurudi juu kwenye mashine. Ukipakia tunda lenye nyuzi 22, kioo kitakuonyesha 6 kwa sababu kinasoma hewa, huku moyo wa tunda ukibaki na joto lake kwa siku kadhaa.

Halafu kuna njiani. Mwezi uliopita nilisoma kumbukumbu za joto za kontena lililotoka Makambako. Hadi saa sita usiku hewa ya kurudi ilikuwa nyuzi 7, kisha ikapanda hadi 9, 12, 15, ikakaa juu kwa saa tano, na alfajiri ikaanza kushuka. Sisi mafundi tunajua maana yake: dereva alizima jenereta inayolipa kontena umeme akauza dizeli, akaiwasha alipoona kunakucha.

Dereva wa Kitonga
Fundi, umenivunjia heshima mimi na wenzangu, na sitanyamaza. Naendesha lori njia ya Tunduma tangu 2009. Usiku mmoja, chini ya Mlima Kitonga, lori la saruji lilikuwa limelala likaziba barabara nzima, nasi tukasimama kwa muda wa saa sita. Jenereta yangu ikazimika yenyewe. Nilipiga simu ya kampuni iliyonikabidhi lile kontena mara kumi na nne, ikawa inaita tu. Nikalala chali chini ya tela, nikafungua kichujio cha dizeli, nikakuta tope jeusi limejaa. Nikakisafisha kwa dizeli niliyoinyonya kwenye tangi la lori langu mwenyewe, nikimulika kwa simu iliyokuwa karibu kuisha chaji. Jenereta iliwaka kulipopambazuka. Kumbukumbu zako zingeonyesha joto limepanda usiku na kushuka alfajiri, na wewe ungeniandika mwizi.

Tena mzigo ule ulipopakiwa nilibandika kiganja kwenye katoni, ikawa vuguvugu kama maandazi yaliyoepuliwa muda si mrefu. Hakuna aliyepima. Waulizeni wakulima wanaoanika matunda juani.

Mama wa Lupembe, Mbagala
Mwanangu dereva, pole kwa usiku huo, lakini hapo mwisho umeniumiza. Mimi naishi Mbagala na shamba langu la miti 140 liko Lupembe, Njombe. Kila msimu wa mavuno nahamia huko. Tunaanza kuchuma saa kumi na mbili asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani. Tunakata kikonyo kwa mkasi ili kisinyofoke na kuacha tundu la kuingiza uozo, kisha tunapanga kreti kivulini. Gari la mnunuzi huahidiwa saa nne asubuhi, likafika saa kumi jioni. Kivuli hakikai mahali pamoja, kwa hiyo siku hiyo moja tunahamisha kreti zote mara tatu kukifuata. Msimu uliopita walikataa kreti zangu 31, wakisema matunda yameanza kulainika, na hawakunilipa. Mwenye chumba cha ubaridi ni mnunuzi. Mimi nina turubai.

Kijana wa Mwenge
Kwa nini tusiyagandishe yote, suala la siku likaisha? Nakumbuka hata Wachina walitupa sharti hilo, kwamba yamenywe na yagandishwe kabisa.

Muuza pweza, Feri
Mdogo wangu, sharti hilo walipewa Wakenya mwaka 2019 kwa hofu ya nzi wa matunda: wayamenye, wayagandishe hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, kisha wayatunze kwenye 18 chini ya sifuri. Mwaka 2022 ndipo waliporuhusiwa kupeleka tunda bichi, na makubaliano yetu sisi na China ya Novemba mwaka huo huo ni ya tunda bichi pia.

Wala usidhani kilichogandishwa hakina haraka. Pweza wa kwenda Ulaya akiyeyuka kwa umeme kukatika, kisha akagandishwa tena, mimi namtambua bila kipimo chochote: barafu yote imejikusanya pembe moja ya mfuko, na akiyeyushwa jikoni anatoa maji ya waridi hadi anasinyaa. Mnunuzi akimwona mmoja wa namna hiyo, anatutilia shaka sote. Mwaka 1999 Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu, na waliovua kwa haki wakafungiwa pamoja nao.

Mzawa wa Temeke
Tumeliacha swali. Niliuliza kuhusu bandari. Kama Kitonga ni kikwazo, reli ya TAZARA tunayo tangu 1975, inapita Makambako na kuishia hapa hapa Dar es Salaam. Makontena yapandishwe kwenye treni yakiwa na umeme wake, na hoja ya barabara itakuwa imekwisha.

Dereva wa Kitonga
Kwenye treni nako kutakuwa na jenereta, na jenereta itataka mtu wa kuiangalia usiku kucha. Mtu huyo mtamwita mwizi? Bado namsubiri fundi.

Fundi Baridi
Nipo. Nimerudi ofisini nikazisoma upya zile kumbukumbu, safari hii pamoja na orodha ya hitilafu ambayo mashine huiandika yenyewe. Kabla ya kuzima kabisa, umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika ishirini. Anayezima kwa kukusudia huzima mara moja. Ile ilikuwa jenereta inayokosa mafuta, kama ulivyoeleza ya kwako. Nilitamka wizi kabla ya kuufikia ukurasa wa pili. Nalifuta neno hilo, na nakuomba radhi wewe na wenzako.

Dereva wa Kitonga
Radhi nimeipokea. Aliyeendesha lile kontena je, amelipwa safari yake?

Fundi Baridi
Alikatwa. Nitaupeleka ukurasa huo kwa waliomkata kesho asubuhi.

Wakala, Kurasini
Nami nakubali kwamba nakala ya kumbukumbu hizi huja kwa wakala na kwa mwenye mzigo tu. Dereva haioni, ingawa yeye ndiye anayekatwa.

Mama wa Lupembe, Mbagala
Na mkulima? Hizo kumbukumbu huanza kontena likiwashwa. Joto la tunda langu saa nne, nilipokuwa tayari kulikabidhi, limeandikwa wapi?

Fundi Baridi
Halijaandikwa popote, mama. Kuna kipimajoto chenye sindano. Unakichoma kwenye tunda moja hadi karibu na kokwa, unasoma, unaandika nyuzi na saa, na mwenye gari anatia sahihi. Ninacho cha ziada hapa Kurasini. Unasafiri lini?

Mama wa Lupembe, Mbagala
Jumapili, basi la alfajiri. Nitapita kukichukua Jumamosi baada ya saa tisa.