Wanafunzi 14 kwa wiki mbili au 3 kwa miezi sita? Naomba ushauri

Mjumbe Kilolo
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mjumbe wa serikali ya kijiji huku Kilolo. Tumeletewa maombi mawili ya wanachuo wa kutoka nje wanaotaka kuja kujitolea, na hatuwezi kupokea yote. La kwanza ni wanafunzi 14, wiki mbili za mwezi wa sita: watapaka rangi madarasa na kufundisha Kiingereza, na wanakuja na mchango wa mabati. La pili ni watatu tu, miezi sita kuanzia Januari, walale majumbani mwa watu na washike kazi tutakayowapangia. Kamati imegawanyika. Moyo wangu uko kwa wale watatu, ila nikiulizwa kijiji kitapata nini nakosa jibu. Mliowahi kuwapokea, lipi liliwafaa?

Mama Vinyungu, Mufindi
Mjumbe, sisi tulipokea kundi kubwa, mwezi huo huo wa sita. Watoto wazuri, wana moyo wa kazi. Wakataka kuianzishia shule bustani ya nyanya, wakachagua bondeni kwenye vinyungu, zile bustani za kiangazi za bondeni, kwa sababu udongo ni mweusi na maji yako jirani. Mama mmoja anayelima pale akawaambia, kwa Kiswahili cha taratibu kabisa, kwamba msimu huu baridi ya mlimani huteremka usiku ikalala bondeni, nyanya hazitapona. Mkalimani alikuwa mmoja, naye yuko upande wa pili wa shule. Wakamshukuru yule mama, wakaendelea kupanda.

Siku ya nne tumeamka miche imefunikwa na sakitu. Jua lilipopanda majani yakawa meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Binti mmoja alilia pale pale kwenye tuta. Yule mama akampa kikombe cha uji, akamshika mkono, wakapanda hadi shamba lake la kabichi. Akamwonyesha kwa kidole mstari ambapo baridi huishia. Binti akatoa daftari akachora. Basi, kesho yake gari likaja kuwachukua.

Mwalimu Mstaafu, Iringa
Mjumbe, anza na kalenda. Mwezi wa sita shule zetu zinafungwa hadi Julai. Hao 14 watamfundisha nani? Wanakuja wakati huo kwa kuwa vyuo vyao viko likizo ndefu. Wa Januari watakuta muhula unaanza na mahindi yanapaliliwa, kijiji kizima kiko kazini.

Halafu lugha. Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa watu wa kujitolea, ulioanzishwa 1961 na kuleta watu Tanganyika mwaka huo huo, huwakalisha watu wake miaka miwili, na kabla ya kuwapeleka vituoni huwaweka kwenye familia kama miezi mitatu wajifunze Kiswahili. Si bure. Mtu asiyeelewa anachoambiwa atafundishwaje? Na wakija miezi sita, uliza mapema kibali cha ukaazi daraja C, wasije na viza ya utalii.

Fundi Mafinga
Naomba niwatetee wa wiki mbili. Mabati ni mabati, mvua haiulizi nani kaleta. Na ugeni mfupi haufanani wote. Tazameni sharika za Kanisa la Kilutheri (KKKT) Dayosisi ya Iringa na wenzao wa Minnesota, Marekani, ule urafiki wa Bega kwa Bega: wageni hukaa siku chache, lakini usharika ni ule ule mwaka hadi mwaka, na watu wa huku nao huenda kule. Waulize hao 14 kama mwakani watarudi.

Binti Tukuyu
Mimi nilikwenda upande wa pili. Nilijitolea Ujerumani mwaka mmoja kupitia weltwärts, mpango wa serikali yao, kwenye nyumba ya wazee. Mwezi wa kwanza sikuweza hata kuuliza chumvi iko wapi. Bibi mmoja akanikalisha mezani, akanipa kisu kidogo na viazi. Nikimenya ganda nene ananiwekea mkono juu ya mkono, hadi ganda likatoka jembamba kama karatasi. Kila ganda na neno lake. Nilidhani nimekwenda kumhudumia, kumbe kila asubuhi ananingoja na somo.

Kwa hiyo Mjumbe, kabla ya kuwapangia kazi wapangie walimu: huyu akae na fundi seremala, huyu na mama wa kinyungu, huyu na mwalimu wa darasa la pili. Ukijua nani atafundisha nini, jibu la kamati unalo.

Mjumbe Kilolo
Ndaga fijo, yaani asante sana, dada. Nawaandikia wale 14 kuuliza kama baadhi yao wanaweza kuja Januari, na mabati nitayaulizia bila aibu. Mama Vinyungu, yule mama wa kabichi, mlimpa chochote kwa siku ile?

Mama Vinyungu, Mufindi
Hapana. Mkalimani alilipwa, dereva alilipwa. Yeye hakuna aliyemkumbuka.

Mjumbe Kilolo
Basi hilo naliweka la kwanza kwenye barua.