Kikundi cha familia: Ngazi za Mama

Rehema: [picha] Jamani, ngazi za mlangoni zimemeguka tena, pale pale tulipoziba. Mama kajikwaa asubuhi.

Juma: Kaumia??

Mama: Sijaumia. Ndoo ndiyo iliyomwagika.

Juma: Jumamosi nakuja na saruji, napiga kiraka

Rehema: Cha tatu hicho 😂

Mjomba: Hicho kiraka mlikibandika juu ya vumbi. Na zege la zamani likiwa kavu linanyonya maji ya saruji mpya, haishiki. Gonga kwa tindo mpaka ufike penye ugumu, safisha, lowesha, paka uji wa saruji, kabla haujakauka ndipo uweke mchanganyiko wako wa saruji na mchanga. Lakini ngojeni kwanza. Kati ya ngazi na ukuta kuna ufa?

Rehema: Shikamoo Mjomba. Upo, kidole kinaingia.

Mjomba: Marahaba. Mwaga kikombe cha maji kidato cha juu, tazama yanakimbilia wapi. Juma, pima kimo cha kila kidato, cha mwisho upime mpaka kizingiti.

Rehema: Yanakwenda ukutani 😳

Juma: Chini sm 15, katikati 18, juu 21

Mjomba: Mmeona? Fundi alijenga 18, 18, 18. Zote zimezama sm 3, ndiyo maana cha chini kimepungua na cha juu kimeongezeka. Pale karibu na ukuta ndipo mtaro wa msingi ulipofukiwa. Kifusi hakikushindiliwa, kimetitia, ngazi zimekifuata.

Mama: Kumbe si macho yangu.

Mjomba: Si macho, dada. Mguu hukariri vidato vya kwanza, hicho cha 21 unakutana nacho haujajiandaa.

Juma: Kwa hiyo kiraka hakisaidii

Mjomba: Kingesaidia kama ni kona tu imemeguka. Hapa vunja. Chimba mpaka udongo mgumu, shindilia kwa tabaka nyembamba, si kumwaga toroli kumi halafu kukanyagakanyaga. Zege moja kwa mbili kwa nne: saruji, mchanga, kokoto, pima kwa ndoo ile ile. Maji kidogo. Likitiririka kama uji umeshaliharibu.

Rehema: Vimo turudishe 18?

Mama: Magoti yangu hayaitaki hiyo 18.

Mjomba: Basi gawa sm 54 kwa nne, 13.5 kila kimo. Yaani vidato vitatu, kimo cha nne ni kupanda kizingiti. Pa kukanyaga weka sm 34. Kimo mara mbili, jumlisha na upana wa pa kukanyaga: ikiangukia kama 60 hadi 64, mtu anapanda bila kufikiri.

Juma: 27 na 34 = 61 👍

Mjomba: Kila kidato kiinamie nje nusu sentimita hivi, maji yasilale. Na juu msipige nili, ile saruji tupu ya kulainisha, mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Pitisha ufagio zege likianza kukaza, liache mikwaruzo. Kisha mwagilieni siku 7, mfunike.

Juma: Siku 7 zote?

Mjomba: Viraka vyako ulivimwagilia siku ngapi?

Juma: 🙈

Mama: Na mimi siku zote hizo nitapita wapi?

Rehema: Mlango wa nyuma Mama

Mama: Mlango wa nyuma una kiraka cha Juma.